Paa la Nyumba ya Pantelis

Nyumba ya marehemu Pantelis ilikaa bila paa miaka mingi, hata mtini ukaota sebuleni na kuzaa tini tamu kuliko za kijiji kizima. Watoto waliingia kuziiba mchana kweupe, na Bi Evanthia, dada wa marehemu, aliyekaa nyumba ya jirani, aliwarushia viatu. Siku alipomwita Zamira jikoni kwake na kumwambia, "Ile nyumba ya kaka yangu naiuza, na mnunuzi nimeshamchagua," Zamira alidhani anasimuliwa habari za Wajerumani wengine waliokuja kununua nyumba kijijini.

"Ni akina nani?" aliuliza huku akikata kitunguu.

"Nyinyi, kichwa maji wewe. Akina nani wengine?"

Zamira akajikata kidole.

Bi Evanthia alimfunga kitambaa, akamkaripia kwa kutia damu kwenye kitunguu, kisha akamwambia bei. Ilikuwa bei ya mtu anayetaka jirani kuliko anavyotaka fedha. Wanawe wawili wa kiume walikuwa Melbourne tangu ujana wao, na kila mwaka waliahidi kuja. Zamira ndiye aliyempelekea supu alipougua. Na Danai, binti wa Zamira, alijifunza kutembea kwenye ua wa bibi huyo, akijishikiza kwenye mikia ya paka wake, mama yake alipokuwa akisafisha vyumba vya watalii kule pwani.

Zamira alifika katika kisiwa hiki cha Ugiriki akiwa bibi harusi, kutoka milima ya Skrapar, Albania. Hakujua neno la Kigiriki. Bi Evanthia alimfundisha lugha kwa kumgombeza, ndiyo sababu mpaka leo Zamira anajua matusi ambayo wasichana wa kijijini hawayajui. Mumewe, Perparim, alikuwa ametangulia kufika zamani, akiwa kijana aliyevuka mpaka kwa miguu na mkate ndani ya shati. Wanakijiji jina lake liliwashinda, wakaona taabu ya nini, wakamwita Perikli. Naye akaitikia. Alikuwa mwashi. Nyumba za mawe zinazosifiwa na wageni katika kisiwa kile, nyingi zimepita mikononi mwake. Yeye mwenyewe na mkewe na binti yao walipanga vyumba viwili nyuma ya tanuri la mkate, mahali ambapo wakati wa kiangazi hata nzi walikuwa wanahema.

Jioni Zamira alipomweleza habari ile, Perparim alisukuma sahani kando. Alinawa mikono, akatoka, akapanda mpaka kwa Pantelis. Zamira alimfuata, akamkuta anapapasa kuta kama daktari anayetafuta panapouma.

"Pembe ya mashariki imekufa," alisema. "Lakini msingi mzima."

Mkewe alimfahamu. Kwa Perparim, hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya kupiga ngoma.

*

Walikwenda mjini kwa wakili, Bi Argyro, mwanamke mpole aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliwapongeza, akawaagizia kahawa, kisha akasema, "Ila kuna jambo dogo."

Zamira alishaishi ugenini vya kutosha kujua kwamba kwenye ofisi jambo dogo ndilo linalomeza mtu mzima.

"Kisiwa hiki ni eneo la mpaka," wakili alieleza. "Uturuki ile pale, inaonekana. Kwa sheria, mtu asiye wa nchi za Umoja wa Ulaya, Mwalbania akiwamo, hanunui ardhi wala nyumba hapa mpaka apewe kibali, na Wizara ya Ulinzi ina kauli yake. Ni mambo ya usalama."

"Na Mjerumani?" Perparim aliuliza.

"Mjerumani ananunua hata leo alasiri."

"Na mimi, niliyekaa hapa miaka ishirini na saba?"

Bi Argyro alishusha miwani ya kichwani akakuta ile nyingine imeshakaa machoni. "Wewe, Perikli, unaomba."

Perparim alishauomba uraia zamani. Mtihani wa mazungumzo aliupita, maana Kigiriki chake kina lafudhi ya kisiwa kiasi kwamba watu wa Athene humdhani mchungaji wa kondoo wa huko huko. Kilichomwangusha ni mtihani wa kuandika. Walimpa kalamu wakamwambia atunge insha, naye mkono wake ulikuwa umezoea mwiko na nyundo. Alirudi nyumbani siku ile akasema tu, "Mambo ya shule," na hakulizungumza tena.

Sasa wakaomba kibali. Na kwa kuwa kijijini neno la Bi Evanthia lilitosha kuliko mhuri, Perparim hakungoja jibu. Kila alipomaliza kazi za watu alipanda kwa Pantelis. Aliukata mtini kwa masikitiko, na Bi Evanthia akapika jamu ya tini za mwisho. Aliibomoa pembe iliyokufa na kuijenga upya, jiwe kwa jiwe, akining'iniza timazi ya kupimia wima na kufumba jicho moja.

"Perikli!" Stratis mwenye mgahawa alimpigia kelele kutoka chini barabarani. "Unajenga bila kibali? Jeshi likija je?"

"Likija nitalipatia kazi! Lina vijana wengi waliokaa bure!"

Watu wote wa mgahawani waliangua kicheko. Siku zile hata yeye alicheka.

Jioni moja alimwita mkewe, akamsimamisha katikati ya mawe, mahali ambapo pangekuwa jikoni. "Dirisha unalitaka wapi?"

Zamira alizigeukia kuta, ukuta mmoja baada ya mwingine. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anataka kitu kikae wapi. Kwao vitu vilikaa pale alipoviweka bibi yake, na kule nyuma ya tanuri vilikaa pale vilipoenea. Akaomba muda. Wiki nzima, akitoka kazini, alipanda pale na kusimama na kugeuka huku na huku kama mwanamke aliyepoteza ufunguo. Mumewe hakumharakisha. Alijenga ukuta mwingine.

Hatimaye alisema, "Upande ule. Wa ua wa Bi Evanthia."

"Hutaki upande wa bahari? Watu wanalipa kufa na kupona kwa ajili ya bahari."

"Bahari nimeitazama ya kutosha kwenye vyumba vya wageni, nikiwafutia vioo. Nataka nikiwa napika nimwone mtu."

Akamkatia dirisha upande ule, akaliwekea kizingiti cha jiwe jeusi alilolileta mwenyewe begani kutoka kwenye machimbo ya zamani, kwa sababu hakumwamini mwenye punda.

*

Jibu lilitoka mwezi wa kumi. Bi Argyro aliwapigia simu, na sauti yake ilitangulia kuwaeleza kabla ya maneno. Ombi limekataliwa. Kwa sababu za usalama wa taifa.

Perparim alimwomba Danai asome ile karatasi, kisha aisome tena. Danai alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, msichana mrefu mwenye nyusi za baba yake. Alisoma mara ya pili kwa hasira, kwa sauti ya juu kuliko ya kwanza.

"Zamira," mumewe alisema taratibu, "ile kambi ya kilimani, ukuta wake nani kaujenga?"

"Wewe."

"Na chumba cha redio?"

"Wewe na fundi mwenzako Vasilis, Mungu amrehemu."

"Na paa la ghala lililoezuliwa na upepo?"

 Mumewe alitoa cheko fupi lisilo na meno, akavua kofia, akaitazama kwa ndani kana kwamba kitu kimeandikwa humo. Kesho yake hakupanda kwa Pantelis. Wala kesho kutwa. Alikwenda kwenye kazi za watu, alirudi, alikula kilichokuwapo, alikaa. Mgahawani kwa Stratis hakutia mguu. Stratis mwenyewe alikuja mlangoni na chupa, akasimama, akaiacha chupa kizingitini na kuondoka.

Zamira hakuililia nyumba. Alimlilia mtu wake. Mume aliyevuka milima akiwa na njaa na kucheka, aliyeitwa kwa jina lisilo lake na kucheka, sasa neno moja la ofisini lilikuwa limempata mahali ambapo mawe yote yale hayakuwahi kumpata.

Bi Evanthia yeye aliwaka. "Usalama!" alifoka, akimpiga teke kuku mmoja asiyekuwa na kosa. "Mama yangu aliletwa kisiwani humu na mashua kutoka ng'ambo ile Wagiriki walipofukuzwa Uturuki, mtoto wa mkononi, wakamwita mbegu ya Waturuki mpaka alipozeeka. Leo wanataka nikae kimya? Vaa viatu, twende."

Walikwenda mjini kwenye ofisi ya serikali, Bi Evanthia amevaa koti la mazishi na mkufu wa msalaba, Zamira nyuma yake akitamani ardhi impasukie. Waliyemkuta dirishani alikuwa karani kijana, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

"Bibi, mimi siyo niliyeamua," alijitetea. "Uamuzi ni wa juu."

"Juu wapi? Mbinguni? Niambie, mwanangu, huyu mtu atapeleleza nini? Kuku wangu? Nina kuku kumi na mmoja, mmoja kilema, haya, waandikie Waturuki."

Waliokuwa wakingoja nyuma walianza kuguna na kucheka.

"Siyo yeye binafsi, bibi. Sheria haimtazami mtu usoni."

"Basi ifundisheni kutazama! Vyoo vya kambi yenu alijenga yeye. Wanajeshi wetu kila asubuhi wanachuchumaa juu ya kazi ya Perikli, na mpaka leo hakuna siri iliyotoka!"

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi. Karani aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Aliwatazama wanawake wale wawili, akainama dirishani, akashusha sauti, na safari hii alisema na Zamira.

"Mama, una mtoto aliyezaliwa hapa? Aliyesoma hapa?"

"Ninaye. Binti."

"Akitimiza miaka kumi na minane anaweza kuomba uraia kwa haki ya shule yake. Akiupata, hiyo sheria haimgusi. Anunue yeye." Akarudi kwenye kiti chake na kuita, kwa sauti kubwa, "Anayefuata!"

Njiani kurudi Bi Evanthia aliliimba neno lile kama wimbo. Zamira aliwaza mengine. Alimjua mumewe. Perparim aliwahi kumwambia, Danai akiwa bado kitandani mwa watoto, kwamba atakachompa mtoto huyu ni miguu myepesi: aende anakotaka, asifungwe na deni la baba wala shamba la baba kama alivyofungwa yeye kwao. Danai alitaka kwenda Thesaloniki kusomea uchoraji wa ramani. Kumwambia sasa kwamba wazazi wake wanahitaji jina lake? Zamira alilifungia neno lile kifuani na kumwapisha Bi Evanthia alifunge mdomoni, jambo ambalo lilimgharimu bibi yule kuliko mfungo wa Pasaka.

*

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa kusini. Kila mtu kisiwani alijua maana yake. Nyumba ya Pantelis ilikuwa na kenchi tayari na mbao juu yake, lakini vigae vilikuwa bado vimepangwa uani. Mvua kubwa ingeingia kwenye vichwa vya kuta, ikaitafuna chokaa mbichi, ikashuka mpaka kwenye lile dirisha.

"Paa," Zamira alimwambia mumewe asubuhi.

"Si paa langu," alijibu, akafunga kamba za viatu, akaenda zake kumtengenezea mtu bomba la moshi.

Zamira alibaki ametazama mlango. Kisha alimpigia mwenye vyumba vya watalii kumwambia kwamba leo anaumwa, akavaa suruali ya mumewe, akaifunga kiunoni kwa kamba ya nguo, akapanda kilimani.

Hakuwahi kuezeka kitu maishani mwake. Alikuwa amemwona mumewe mara nyingi, na aliyezoea kuona hudhani anajua. Alibeba vigae vinne kifuani, akapanda ngazi, akavilaza juu. Vikateleza. Akashuka, akapanda tena. Alipofika safari ya tano au ya sita alisikia sauti chini.

"We mbuzi! Utavunjika kiuno!"

"Mama, nenda nyumbani, kuna upepo."

"Upepo nimeanza kuujua kabla mama yako hajazaliwa." Bi Evanthia aliikumbatia ngazi kwa mikono miwili, koti lake linapepea. "Panda. Nimeshika."

"Una miaka themanini!"

"Ndiyo maana nimeshika chini. Ningekuwa na sitini ningekuwa huko juu, na wewe ungekuwa unapokea matusi."

Wakaendelea hivyo, mmoja juu, mmoja chini, wakigombana juu ya kila kigae. Bi Evanthia alisema safu imekwenda kombo. Zamira alisema kombo ni macho yake. Bi Evanthia alisema hata Pantelis, aliyekuwa mlevi, asingeezeka hivyo. Kigae kimoja kiliporomoka kikapasuka karibu na mguu wa bibi, naye akamtaja mtakatifu mmoja kwa namna isiyo ya ibada. Zamira alicheka mpaka akalazimika kujilaza juu ya mbao na kushika kenchi asianguke, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na upepo ukamkausha machozi kabla hajayafuta.

Alipoinua kichwa alimwona Perparim amesimama langoni, na begi la vifaa begani. Hakujua amesimama hapo tangu lini. Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba mkewe yuko juu ya paa, na bibi kizee ndiye fundi msaidizi.

Hakuwatazama wao. Alitazama vigae. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza wimbo wa kanisani ukiimbwa na walevi.

"Nani amekufundisha kuanzia juu?" aliuliza.

"Hakuna."

"Kigae huanzia chini, Zamira. Huanzia chini kwenda juu, ili maji yapite mgongoni. Hivi ulivyopanga, mvua yote inaingia kitandani."

"Kitanda cha nani?" mkewe alimjibu kutoka juu. "Si ulisema si paa lako?"

Perparim alihamisha begi bega la pili. Bi Evanthia, ambaye kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alijua wakati wa kutosema, aliitazama ngazi kama kitu cha kuvutia sana.

"Si langu," mumewe alisema hatimaye, "wala si lako. Tunamwezekea nani?"

"Sijui," Zamira alisema. "Ila ukuta huu umeujenga kwa mikono yako, na dirisha lile uliniuliza mimi. Nikiacha mvua ilivunje kwa sababu ya karatasi yao, basi nitakuwa nimekubaliana nao."

Tone la kwanza lilianguka, kubwa kama sarafu, juu ya mkono wake. Perparim alilitazama anga, akaweka begi chini, akapanda. Alipomfikia mkewe, alimshika kiganja, akakigeuza, akaona palipochunika. Akakipuliza vumbi taratibu, kama mtu anayepuliza jivu kwenye mkate wa moto.

"Shuka," alisema. "Wewe nipasie."

Mvua ilikuja kweli, lakini ilikuja kidogo kidogo. Danai alipotoka shule aliwakuta, akatupa mkoba, akaingia kwenye mstari. Baadaye alifika Stratis na wateja wake wawili wa mgahawani, mmoja akiwa bado na karata mkononi. Vigae vilipita kutoka mkono hadi mkono, kutoka uani, kwenye ngazi, mpaka kwa Perparim. Hakuna aliyezungumza habari za kibali. Mvua iliponyesha sawasawa, kuta zilikuwa na kofia.

*

Jumapili ile walikula jikoni kwa Bi Evanthia. Zamira alileta byrek, pai ya kwao ya mchicha na jibini, na mwenye nyumba akaitia kasoro kama kawaida huku akijiongezea. Walikuwa wanamaliza Danai alipoweka uma chini.

"Baba, mwezi wa pili natimiza miaka kumi na minane. Nitaomba uraia. Na nikiupata, nyumba nitaiandikisha mimi."

Zamira alimgeukia Bi Evanthia. Bibi alikuwa anatazama dari.

"Hapana," Perparim alisema.

"Sijakuomba ruhusa ya uraia. Ningeuomba hata bila nyumba. Nimezaliwa hapa."

"Huo omba, ni haki yako. Nyumba hapana. Sikukulea ili nikutwike mizigo yangu. Uende Thesaloniki, uende Ujerumani, uende unakotaka, bila kuwaza paa la kisiwani na kodi yake na nyufa zake. Mtu mwenye nyumba amefungwa mguu."

"Nani kakwambia?" Bi Evanthia aliuliza.

Hakusema kwa ukali, ndiyo maana wote walimgeukia.

"Perikli, mwanangu, mimi nina nyumba mbili na shamba la mizabibu. Vyote nilivitunza kwa ajili ya Stelios na ndugu yake. Nilipaka chokaa kila mwaka kabla ya Pasaka. Kama nyumba ingemfunga mtu mguu, wanangu wasingekuwa Melbourne." Alikusanya makombo ya mkate kwa kiganja, akayapanga mstari. "Nyumba haimshiki mtu, mwanangu. Mimi nimejaribu. Inamngoja tu. Mpe mtoto mahali pa kumngoja, halafu mwache aende zake."

 Paka aliruka mezani, hakuna aliyemfukuza.

"Na mimi nitaishi kwa binti yangu kama mgeni?" Perparim aliuliza, lakini sauti yake ilishalainika.

"Utaishi kama baba yangu," Danai alisema. "Ukipigilia misumari ovyo nitakufukuza."

Perparim aliinamisha kichwa. Mabega yalitikisika, na Zamira, aliyekuwa karibu, hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kile kingine. Aliweka mkono wake chini ya meza, juu ya goti la mumewe, akauacha hapo.

Haikuwa haraka. Bi Argyro aliwaeleza kwamba kupanga hakukatazwi, basi wakahamia kwa Pantelis kama wapangaji wa Bi Evanthia, na kodi yenyewe ikawa kumpandishia kuni na kuvumilia maoni yake. Danai alitimiza umri, akaomba, akafanya mitihani ya mwisho, akafaulu, akaondoka na meli kwenda Thesaloniki na masanduku mawili na jamu. Zamira aliusikia ukimya wake nyumbani kwa miezi. Karatasi zilikwenda na kurudi. Wizarani walidai mhuri, zikapata mhuri, wakadai mwingine. Majira ya baridi yalipita, na kiangazi, na baridi nyingine nusu.

Siku ya kiapo Danai alisimama mbele ya bendera ofisini, pamoja na Mmoldova mmoja na mama wa Kifilipino, akaapa kwa sauti kavu. Baba yake alikaa safu ya nyuma, na suti aliyoazima kwa Stratis, mikono ya koti ikimwishia mbali na viganja. Yule karani mwenye ndevu alikuwa mlangoni akigawa karatasi. Alipomwona Bi Evanthia alijibanza nyuma ya kabati.

Wiki iliyofuata walitia saini kwa mthibitishaji wa hati. Bi Argyro aliwatahadharisha kwamba wazazi hawawezi kuandikiwa hata haki ya kukaa humo maisha yao yote, maana nayo ni haki juu ya mali, na katazo ni lile lile. Watakaa kwa mapenzi ya mwenye nyumba tu.

"Mwenye nyumba anawapenda," Danai alisema, akatia saini.

Jioni, Bi Evanthia akiwa ameshalala kwa uchovu wa kufurahi, na Danai amekwenda kuwaaga rafiki zake, Perparim alitembea ndani ya nyumba, chumba hadi chumba, akigonga kuta kwa kiungo cha kidole. Zamira alikuwa anakaanga viazi.

"Unajua," mumewe alisema, akiegemea mlango, "miaka yote nimejenga nyumba za watu. Nikajiambia, ya mwisho itakuwa yangu. Na hii nayo nimejenga ya mwenye nyumba mwingine."

"Ni kweli," Zamira alisema bila kugeuka. "Lakini huyu ulimbadilisha nepi."

Perparim alicheka. Alicheka kwa sauti, kile kicheko cha zamani, mpaka akalazimika kukaa. Zamira aliondoa sufuria motoni, akaketi kando yake kwenye benchi, wakala viazi kutoka kwenye sahani moja, wakiungua vidole.